Kinu, Ndoa na Amri ya Mahakama

Katika miaka niliyoitumikia mahakama kama karani wa masjala, kwanza upande wa Kinondoni na baadaye upande wa Temeke, majalada ya talaka yalipita mikononi mwangu kwa wingi mno, na jambo nililolitambua mapema ni kwamba mume na mke wanaoachana hawashindani sana juu ya kitanda, kabati na vyombo vya jikoni, wala hata nyumba aghalabu haiwafikishi pabaya, kwa kuwa nyumba haihami na kila jirani anaijua. Vita vikali huwa juu ya biashara, yaani duka, karakana, mashine, lori na akiba iliyoko benki, vitu ambavyo leo viko hapa na kesho, kwa saini moja tu, vikawa mali ya mtu mwingine. Hapo ndipo mahakama huombwa itoe zuio, na zuio likishatoka, haupiti muda mrefu kabla ya mmoja wao kurejea masjala akiwa na hati ya kiapo mkononi, akidai kwamba mwenziwe ameidharau amri ya mahakama na anastahili kufungwa.

Nayaandika haya nikiwa nimekwisha kustaafu, kwa ajili ya wale wanaojenga biashara pamoja katika vitongoji vyetu bila ya kuandikiana chochote, na kwa ajili ya vijana wanaoingia katika kazi ya sheria. Nimesadiki, kwa niliyoyashuhudia, kwamba amri ya mahakama juu ya biashara ya watu wanaoachana huokoa haki ya kila mmoja pale tu inapotamka waziwazi kilichozuiwa na kilichoruhusiwa. Na kwamba mtu anayeivunja amri iliyo wazi namna hiyo, hali akiijua, humdhulumu mwenziwe, na watoto wake, na nafsi yake mwenyewe, wote kwa mpigo mmoja.

Biashara nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zimejengwa kwa namna inayofanana. Mume ana kibarua bandarini au katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe, anaweka akiba kidogo kidogo. Mke anacheza upatu na wanawake wenziwe wa mtaani, na siku upatu unapomwangukia, fedha zile huongezwa juu ya akiba ya mume, kikanunuliwa cherehani cha pili, au friji ya kuuzia samaki, au mashine ya kuranda mbao huko Keko. Leseni hutoka kwa jina la mume, kwa kuwa ndiye aliyekwenda kupanga foleni, na ufunguo wa droo hukaa kwa mke, kwa kuwa ndiye anayeshinda dukani tangu asubuhi mpaka magharibi. Hapana mkataba, hapana hisa zilizohesabiwa, hapana shahidi. Ipo imani tu, nayo imani ni dhamana njema maadamu ndoa ipo na nyoyo zimetulia. Siku nyoyo zinapotengana, yule aliyeandikwa kwenye leseni hudai kwamba biashara ni yake peke yake, na yule aliyeshika ufunguo hana cha kuonyesha ila jasho lake.

Sheria yetu haikuliacha jasho hilo lipotee bure. Sheria ya Ndoa, iliyotanguliwa na Karatasi Nyeupe ya Serikali Namba 1 ya mwaka 1969 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 1971, iliipa mahakama, kwa kifungu chake cha 114, uwezo wa kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja za mume na mke, ikizingatia mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni waliyoyakopa kwa manufaa yao wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Kwa zaidi ya miaka kumi majaji walihitilafiana kama kupika, kufua na kulea ni kazi inayohesabika katika mchango huo, hata Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilipolikata shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983 na kuamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni sehemu ya juhudi za pamoja. Hukumu hiyo hutajwa kila siku katika mahakama zetu, lakini wengi husahau namna ilivyokwisha: Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu katika mali iliyogombewa, kwa sababu mahakama iliona kwamba alikwisha kukabidhiwa na mumewe fedha za maendeleo ya familia naye akazitapanya. Basi tangu siku hiyohiyo ambayo jasho la mke lilitambuliwa, ilitambuliwa pia kwamba mwenye kuitapanya mali ya pamoja, awe mume au mke, hutapanya fungu lake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mgawanyo huja mwisho. Kabla ya hapo wanandoa sharti wapite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, lililo la kata au la dini yao, na baraza likishindwa kuwapatanisha litoe cheti. Kisha shauri lifunguliwe, litajwe, liahirishwe, lisikilizwe, na hukumu iandikwe. Kati ya siku ya kwanza na siku ya hukumu inaweza kupita miezi mingi, na mtu mwenye nia mbaya hahitaji miezi mingi. Kwa ajili ya pengo hilo ndiyo ipo Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, inayoruhusu zuio la muda, na kwa ajili ya kulipima ombi la zuio mahakama zetu hufuata mizani aliyoiweka Jaji Mkuu Telford Georges katika shauri la Atilio na Mbowe mwaka 1969: kwanza, liwepo jambo zito la kuamuliwa, pili, mwombaji awe katika hatari ya kupata hasara isiyofidika, tatu, ionekane kwamba tabu atakayoipata mwombaji akinyimwa zuio ni kubwa kuliko tabu atakayoipata mwenziwe likitolewa. Na aivunjaye amri hiyo, sheria imesema, mali yake yaweza kukamatwa na yeye mwenyewe kuwekwa kizuizini kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi sita.

Katika mashauri yote ya namna hiyo ninalikumbuka zaidi moja la watu wa Mbagala, ambao majina yao nayahifadhi. Mume alikuwa na kizimba cha nafaka katika soko la Tandale, na huko Mbagala walikuwa na banda la mabati lenye mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga, ambazo mke ndiye aliyezisimamia tangu zilipofungwa. Mahindi yalitoka Tandale kwa Fuso, yakakobolewa, yakasagwa, sembe ikauzwa kwa maduka ya jirani na pumba kwa wafugaji wa kuku. Na mke, ambaye hakuvuka darasa la saba, aliandika kila jioni katika daftari la jalada gumu idadi ya debe zilizoingia, fedha zilizopatikana, fedha za umeme, fedha za mkanda uliokatika, na posho ya kijana wa mashine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwanamke yule, bila ya kujua kwamba siku moja angesimama mbele ya hakimu, alikuwa amejiwekea ushahidi ambao wakili stadi angeuonea wivu.

Walipofikishana mahakamani, mke aliomba zuio, na hakimu akaamuru kwamba mume asiuze, asihamishe, asiweke rehani wala asigawe mashine zile mbili, Fuso, na akiba iliyokuwa benki, mpaka shauri la msingi likatwe. Mume alikuwapo siku amri ilipotamkwa. Nilimpa nakala yake mwenyewe, akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati na kuondoka bila ya kuaga. Hazikupita siku nyingi, asubuhi moja kabla hata dirisha la masjala halijafunguliwa, nikamkuta mke amesimama barazani, khanga imemteleza begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni alfajiri yote hii?"

"Mashine haipo, mzee. Nimekwenda kufungua, nimekuta zege tupu."

Nilimkalisha, nikamwambia asiende kugombana na mtu yeyote, bali amwone wakili wake siku ileile ili ile habari aliyonipa kwa mdomo iandikwe kwa kiapo. Maombi ya kumwita mume ajieleze yalipofika, hakimu aliona vema mahakama ikajionee yenyewe, nami nikafuatana naye kushika jalada. Banda lile nalikumbuka hata leo. Mashine ya kukoboa ilikuwapo mahali pake, lakini mahali pa mashine ya kusaga palikuwa na msingi wa zege wenye bolti nne zilizosimama wima, nati zake zikiwa zimefunguliwa, na nyuzi za bolti ziking'aa kwa upya kwa kuwa hazijapata kutu. Nyaya za umeme zilizingirishwa utepe mweusi. Mkanda mmoja wa mpira ulining'inia kwenye msumari. Na ukuta wote ulikuwa mweupe kwa vumbi la unga wa miaka mingi, isipokuwa pale nyuma ya mashine iliyong'olewa, palipobaki umbo la pembe nne lenye rangi halisi ya bati.

Mume alipotakiwa kujibu, kiapo chake cha kwanza kilisema mashine imekwenda kutengenezwa. Alipotakiwa kumtaja fundi, kikaja kiapo cha pili kinachosema kwamba mashine iliuzwa kwa nduguye, na ikaambatishwa hati ya mauzo yenye tarehe ya mwezi mzima kabla ya zuio. Kwa mtu asiyejua, karatasi ile ilitosha kuimaliza kesi. Lakini daftari la mke lilionyesha kwamba mashine ilisaga kila siku katika mwezi ule, na pamoja na daftari zilikuwamo risiti za LUKU, ambazo baadhi yake alizinunua mume mwenyewe, za umeme wa mashine anayodai kwamba alikwisha kuiuza. Hakimu aliziweka risiti zile kwa taratibu, moja baada ya moja, kando ya hati ya mauzo, akamwuliza mume kama ana la kusema, naye akanyamaza.

Ilionekana kwamba amri ilikuwa wazi, kwamba mume aliijua, na kwamba aliivunja kwa makusudi. Hata hivyo hakimu hakufanya haraka ya kumfunga. Alimpa muda airejeshe mashine, kwa kuwa shabaha ya adhabu ya namna ile, kabla ya kumkomoa mtu, ni kumrudisha katika utii. Muda ulipokwisha bila mashine kuonekana, mume alipelekwa gerezani kama mfungwa wa madai, na baada ya majuma machache nduguye alikileta bandani kinu bila mota. Wakati huo wateja walikwisha kuzoea mashine nyingine ya mtaa wa pili, wafugaji wa kuku walikwisha kupata pumba kwingine, na kijana wa mashine alikwisha kuondoka. Katika hukumu ya mwisho thamani ya mashine ilihesabiwa kama fungu ambalo mume alikwisha kulichukua, hivyo kile alichoihadaa mahakama ili akipate kikakatwa katika haki yake. Na mtoto wao mkubwa, aliyekuwa kidato cha nne, na ambaye ada yake ililipwa kwa fedha za sembe ileile, alihitimu kwa msaada wa mjomba wake. Sijaona hadi leo mtu mmoja aliyefaidika kwa kung'olewa mashine ile.

Lakini insafu inanilazimu nieleze upande wa pili, kwa kuwa nimeona pia madai ya dharau yakitumiwa kama fimbo ya kisasi. Katika shauri moja la Mwananyamala mke ndiye aliyekuwa na karakana ya ushonaji, yenye vyerehani kadhaa na mafundi wake, na mume ndiye aliyeomba zuio. Amri iliyotolewa ilikuwa fupi mno: mke asiguse mali yoyote ya biashara mpaka kesi imalizike. Mwezi ulikuwa Desemba, na shule mbili za jirani zilikuwa zimekwisha kuagiza sare za Januari. Mama yule akanunua vitambaa Kariakoo, akashona, akauza, akawalipa mafundi wake. Na mume, ambaye aliyafuata yote hayo kwa kuhesabu mabegi yaliyotoka mlangoni, akaleta maombi mkewe afungwe. Kwa kuusoma mwandiko wa amri peke yake, mke alikuwa ameivunja. Kwa kuutazama ukweli wa mambo, hapakuwa na njia ya kuitii ila kufunga mlango, kuwafukuza mafundi, kuvunja ahadi kwa shule mbili, na kuua kile ambacho mahakama ilikusudia kukilinda.

Hakimu aliyesikiliza maombi yale aliyakataa, kisha akafanya jambo la hekima zaidi, akaiandika upya amri yenyewe. Vyerehani visiuzwe wala kuondolewa, na kila kimoja kikaorodheshwa kwa namba yake. Vitambaa na nguo zilizoshonwa ziuzwe kama kawaida ya biashara. Mishahara, kodi ya pango na madeni ya vitambaa yalipwe. Hesabu ziandikwe na kuwasilishwa mahakamani kila mwezi. Na kinachobaki baada ya gharama kiwekwe benki, kisitolewe ila kwa idhini. Tangu siku hiyo hapakuwa na dai jingine la dharau katika jalada lile, na hukumu ilipotoka palikuwapo karakana hai ya kugawanya. Biashara ni kama ng'ombe wa maziwa: wawili wanaomgombea wakikubaliana asilishwe wala asikamuliwe mpaka kesi iishe, siku ya hukumu watagawana ngozi.

Nikiyaweka mashauri haya mawili pamoja, naona kwamba tofauti yake haikuwa ukali wa hakimu wala wema wa wahusika. Ile amri ya kwanza ilimwambia mtu jambo analoweza kulitii, naye akakataa; ya pili ilimwambia jambo lisilowezekana. Ndiyo maana mahakama zilizo makini hudai mambo matatu kabla ya kumtia mtu katika hatia ya kuidharau amri: kwamba amri yenyewe haina utata, kwamba mhusika aliipata au alikuwapo ilipotolewa, na kwamba aliivunja kwa kukusudia. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika shauri la Mutitika na Baharini Farm la mwaka 1985, ilieleza kwamba ushahidi wa dharau sharti uwe mzito kuliko ule wa madai ya kawaida, hata kama haufikii kabisa kiwango cha makosa ya jinai, na sababu yake inafahamika: mwisho wa madai hayo ni kumnyima mtu uhuru wake. Anayelipeleka dai la dharau kwa hasira, bila ya ushahidi wa kutosha, hupoteza fedha za wakili na, lililo baya zaidi, hupoteza imani ya hakimu kwa siku atakayokuwa na dai la kweli.

Na kwa upande wa aliyeamriwa, fundisho ni zito vilevile. Huko Uingereza mwaka 1952 ilikatwa rufani ya Hadkinson, iliyozaliwa na talaka, ambayo ndani yake mama alikuwa amemchukua mtoto hadi Australia bila ruhusa ya mahakama. Majaji walikataa hata kumsikiliza katika rufani yake mpaka kwanza amrejeshe mtoto. Walisema kwamba amri ya mahakama hutiiwa mpaka itakapoondolewa, hata na mtu anayeamini kwamba ni batili. Nimewasikia wafanyabiashara wetu wakisema, "Ile amri si ya haki, kwa hiyo sikuifuata." Amri isiyo ya haki ina milango yake: hurudiwa kwa hakimu yuleyule ili irekebishwe, au hukatiwa rufani. Anayeivunja kwanza na kulalamika baadaye hujifungia milango yote miwili kwa mkono wake.

Yako mambo ambayo laiti watu wangeyajua mapema, majalada mengi yangekuwa membamba. La kwanza ni kuorodhesha. Anayeomba zuio asiseme "mali zote za biashara", bali ataje mashine kwa namba yake, gari kwa namba zake za usajili, akaunti kwa benki yake, na shehena kwa kadiri ilivyokuwa siku ile, pamoja na picha. La pili ni kuifikisha amri mahali inapohitajika. Karatasi iliyolala katika mkoba wa wakili haimzuii mtu, lakini nakala iliyopokewa na benki, na Mamlaka ya Mapato kwa ajili ya kadi ya gari, na BRELA ikiwa biashara ni kampuni, humzuia mume, na mke, na ndugu, na mnunuzi. La tatu ni kuhesabu miezi, kwa kuwa zuio la muda chini ya Amri ya 37 hutolewa kwa muda usiozidi miezi sita, nao waweza kuongezwa, lakini jumla isipite mwaka mmoja. Nimewaona watu wakililia dharau juu ya lori lililouzwa wakati zuio lilikwisha kufa lenyewe, na wakili wao hakukumbuka kuomba liongezwe.

Jambo la nne linahusu kampuni, na hapa wengi hudanganyika. Jina la biashara lililosajiliwa na mtu mmoja halimtengi mtu huyo na mali yake. Lakini kampuni, tangu iliposajiliwa, ni nafsi ya peke yake mbele ya sheria, na lori la kampuni si la mume wala la mke, bali wao wana hisa tu. Kwa hiyo anayetaka kuilinda haki yake katika kampuni aombe zuio juu ya hisa, na aombe kampuni yenyewe iunganishwe katika maombi, la sivyo atakuja kuambiwa kwamba aliyeuza lori hakuwa mtu aliyezuiwa. Na nyumba ya ndoa isisahauliwe, maana biashara nyingi huanzia uani kwa nyumba hiyohiyo, au hukopewa kwa hati yake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mume au mke kuiuza, kuipangisha au kuiweka rehani bila ya ridhaa ya mwenziwe maadamu ndoa ipo, na kinampa mwenziwe haki ya kuweka pingamizi kwa msajili hata kabla ya kesi yoyote kufunguliwa.

Tangu mwaka 2021 Temeke ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia mirathi na ndoa, ambamo mahakama za ngazi mbalimbali, kuanzia ya mwanzo hadi Mahakama Kuu, zimewekwa chini ya paa moja. Mimi niliyezoea kuwaona akina mama wakizunguka na bahasha kutoka jengo hadi jengo nalifurahia jambo hilo kwa dhati, kwa kuwa dakika inayookolewa katika kulitafuta jalada ndiyo dakika ambayo mashine haijang'olewa. Lakini jengo peke yake halitoshi. Mahakimu wetu nawasihi, kwa taadhima yote, kwamba wanapozuia mali ya biashara waandike na kile kinachoruhusiwa: nani aendelee kuuza, nani aweke hesabu, fedha ziende wapi, ada za watoto zitoke wapi. Na mawakili nawasihi wasiuchochee moto wa wateja wao kwa maombi ya dharau ambayo wao wenyewe wanajua kwamba hayatasimama.

Nanyi mnaooana na kufanya biashara pamoja, andikianeni mngali mnapendana. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, waumini wameamrishwa kuandika hata deni wanalokopeshana, na mbele yao wawepo mashahidi. Sioni kwa nini mume na mke wauone mkataba wa duka kuwa ni dalili ya kutoaminiana, wakati Mola hakuiona karatasi kuwa aibu kwa waumini. Kila mmoja aandike alichotoa, kila mmoja aweke saini katika daftari la mwaka, na leseni ibebe majina mawili ikiwa mikono iliyofanya kazi ni miwili. Mkijaliwa kuishi pamoja mpaka uzeeni, daftari hilo litawafaa watoto katika mirathi. Ikiwa mtatengana, hakimu atakuta hesabu iliyo tayari, na zuio, kama litahitajika, litakuwa fupi, wazi na la kutiika, na hapana hata mmoja wenu atakayelazimika kuchagua baina ya kuiheshimu mahakama na kuwalisha watoto.